Kigodoro cha magodoro: fedha za usiku wa taarabu zilivyokwenda

Jumatatu, saa 1:30 asubuhi, nilisoma redioni maneno haya: akina mama wa Ngamiani, Jumamosi usiku, wakiwa wamependeza ndani ya sare, wamekusanya shilingi 5,365,000 za kununulia magodoro ya wodi ya wazazi. Sekunde 20 tu, nikaingia kwenye mpira. Jumatano mchana kirikuu ikasimama mbele ya kituo cha afya, ikashusha magodoro 5.

Tanga ni mji wa baiskeli, na habari zake husafiri kwa mwendo huo huo: hazina pupa, lakini zinaingia kila uchochoro. Kufika magharibi, fundi baiskeli jirani yangu alikuwa ameshapiga hesabu kwa chaki kwenye mlango wa banda lake. Godoro la leksini, 95,000. Gawa. Yanatoka 56. Yaliyoshuka 5. Chini yake akaandika kwa herufi kubwa: 51 YAMELALA WAPI? Watoto wa madrasa wakawa wanaisoma kwa sauti wakipita, na usiku haujaingia shughuli ikawa imepata jina jipya. Kigodoro sisi watu wa pwani tunakijua, ile ngoma ya mtaani ya kukesha ambayo wakubwa kila mara wanaipiga marufuku na kila mara inarudi. Hii sasa ikaitwa kigodoro cha magodoro.

Mimi ndiye niliyesoma ile habari, kwa hiyo hiki ni kisa changu pia. Watu sitawataja, na tarakimu nimezisogeza kidogo zisimfichue mtu. Uwiano wake umebaki ule ule na mwendo wa mambo haujaguswa. Kazi yangu redioni ni kipengele cha wiki: nani katoa nini, nani kavaa nini, wapi patakuwa na burudani. Ukiwa mgeni utadhani hivyo ni vitu vitatu. Hapa kwetu mara nyingi ni kitu kimoja chenye nyuso tatu, na ubaya wote wa kisa hiki ulianzia hapo.

Mwanzo wake ulikuwa mwema kabisa. Mmoja wa wanakikundi alikwenda kumuuguza mdogo wake aliyejifungua, akakuta godoro limepasuka katikati, sponji iko nje, na sponji ikishanywa damu na maji haioshwi ikatakata. Akalisema kwenye kikao cha kuchangiana. Kikundi chao kimesajiliwa kwa afisa maendeleo ya jamii, kama vinavyosajiliwa vikundi vinavyoutaka mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo ile ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024, na katika kungoja huko wao walijifunza jambo moja lililokuja kuwaokoa: kuandika kila senti kwenye daftari. Mweka hazina wao ni mama mtu mzima, muuza maandazi, mwandiko wake kama wa karani wa bandari.

Wakaenda kumuuliza muuguzi wa zamu anataka nini. Hili walifanya vizuri kuliko taasisi nyingi ninazozisoma kila wiki. Wao walikuwa wamefikiria magodoro ya inchi 8 yenye maua, ya kupendeza machoni. Muuguzi akawaambia yale ni ya nyumbani kwao. Alitaka ya kitanda cha wodi, futi 3 kwa 6, yasiyo mazito, yaliyoshonewa leksini pande zote, mama akishaondoka yafutwe kwa dawa apande mwingine. Akaongeza kwamba kama watabaki na kitu, kanga. Kanga safi haitoshi wodini hata siku moja. Mtoto hupokelewa kwa kanga, mama hufunikwa kwa kanga, na wapo wanaofika wakiwa na ile waliyojifunga tu. Hilo la kanga lishike, nitalirudia.

Shughuli ikapangwa Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, watu wameshamaliza funga ya sita, msimu wa harusi, mji una hamu. Kundi la taarabu likakodiwa kwa 700,000. Ukumbi 200,000. Mshereheshaji 100,000. Mafuta ya jenereta 60,000, vibali na mizunguko yake 50,000, maji na kahawa na halua 95,000. Jumla 1,205,000, sare haijaguswa bado.

Na sare ndiyo iliyotukanwa kwanza. "Wamejivisha kwa fedha za wazazi," ndivyo walivyosema barazani, wanaume hasa, ambao Jumamosi ile ile walikuwa na jezi mpya za timu. Ngoja tuifungue. Kila mama alilipa 35,000, akapata dera moja na doti moja ya kanga. Dera kwa bei ya jumla lilikuwa 13,000, doti 9,000, jumla 22,000. Walionunua ni 64. Kwa hiyo kila sare iliacha 13,000 kikundini, na zote pamoja 832,000. Hakuna mlango mwingine wa usiku ule ulioleta fedha nyingi na safi kama huo, na zililetwa kabla hata jenereta haijawashwa. Ni fedha ya sare iliyolipia ukumbi na kundi likaja. Bila hiyo pasingekuwa na usiku wowote.

Nimeufikiria sana uzito huu wa sare kwetu. Tangu enzi za ngoma za beni na lelemama, watu wa mwambao huu wamekuwa wakishindana vikundi kwa vikundi, kama Marini na Arinoti, vyama viwili mahasimu vya beni, kwa gwaride, kwa karamu, kwa mavazi ya kufanana. Kikundi kisicho na sare kilihesabiwa watu waliokutana njiani. Mimi naiona sare kama risiti inayovaliwa. Aliyelipa anaonekana, na hana haja ya kusema. Tatizo ni upande wake wa pili: asiyelipa naye anaonekana. Mama mmoja wa kikundi hicho, mjane, hakuja. Aliulizwa, akasema anaumwa mguu. Wote walijua mguu hauna neno. Mwenyekiti aliniambia baadaye kwamba hilo lilimuuma kuliko chaki ya fundi baiskeli, na mimi nakubaliana naye.

Lakini kwenye kanga akina mama hawa walifanya ujanja ambao sijauona pengine. Kanga ni doti, pande mbili, na upande mmoja peke yake haukai mwilini kama inavyotakiwa. Mmoja unajifunga, mmoja unajitanda. Wao wakaamua usiku ule kila mmoja ajitande upande mmoja tu juu ya dera, na ule wa pili aje nao umekunjwa, auweke kwenye kapu mlangoni. Ndiyo tiketi yake. Kugawana doti na mtu ni ishara ya udugu, hupewi upande na adui, kwa hiyo kila aliyeingia alikuwa tayari amegawana doti na mzazi asiyemjua. Jina la kanga lilibishaniwa wiki nzima. Vijana walitaka la kijembe, la kuwachoma akina mama wa barabara ya jirani. Wazee wakashinda: Nani kama mama. Ni jina lililochoka, sikatai, lipo kila duka la kanga, ila wodini halimkwazi mtu. Nyumbani wakaziloweka na kuzifua kwanza, maana kanga mpya ina wanga, ngumu kama karatasi, haimfai kitoto cha saa moja.

Pande 64 zilifika wodini Jumatatu, siku mbili kabla ya magodoro, ndani ya kapu, kichwani kwa binti. Hakuna aliyezipiga picha. Mimi mwenyewe sikuzisoma, kwa kuwa hakuna aliyenitumia tarakimu yake. Kwa bei waliyonunulia zilikuwa za 288,000, magodoro matatu kamili yaliyopita mbele ya macho ya mji mzima bila kuonekana.

Sasa usiku wenyewe.

Ukumbi ulijaa. Mbali na waliovaa sare waliingia watu 118 kwa kiingilio cha 5,000, ikawa 590,000. Kundi lilikuwa dogo, watu tisa: wapiga kinanda, gitaa, besi na ngoma, pamoja na waimbaji. Tanga hatushangai taarabu ya gitaa. Black Star na Lucky Star ndizo zilizolitoa jina la mji huu miaka ya 1960 na 1970 kwa mtindo huo, wakati Zanzibar bado wanakaa na safu nzima ya fidla. Mwimbaji mkubwa wa usiku ule ni mama wa upande wa Pangani, alikotoka Shakila Saidi, na watu wa huko wana koo ambazo sijui zinanyweshwa nini.

Asiyeujua mchezo wa tunzo hataelewa kilichofuata. Mwimbaji anafika kwenye beti linalochoma. Mama mmoja kule nyuma anahisi limesemwa kwa ajili yake, au limesemwa kwa ajili ya mwanamke aliyeketi meza ya tatu. Anainuka. Anakuja polepole, bega kwa bega na muziki, noti imebanwa vidoleni na imenyanyuliwa juu ionekane ni ya 10,000 na si ya 1,000. Anamkabidhi mwimbaji, au anambandika kipajini, na wakati huo huo macho yanageuka kule kwa yule wa meza ya tatu. Kisha anarudi kuketi. Noti ile imeshamaliza kazi yake pale pale: imesema. Wa meza ya tatu naye akiwa mtu wa watu hatakaa. Atainuka na mbili.

Hivyo ndivyo zilivyotunzwa 1,135,000 usiku ule. Na mshereheshaji, kijana mchangamfu aliyezoea harusi, akaona moto umewaka akauchochea kwa maneno ambayo hakutumwa na mtu: "Mtunzeni, mtunzeni! Kila noti ni godoro!"

Nimelirudia kulisikiliza kwenye simu ya mtu. Kalisema mara sita.

Halafu zikaja ahadi. Watu tisa walisimama, wakataja majina yao na ya baba zao, wakaahidi jumla ya 1,400,000. Mfanyabiashara mmoja peke yake alitaja 500,000, wakampigia vigelegele hadi kinanda kikasimama. Saa 7 usiku mshereheshaji akajumlisha kila kilichopita masikioni mwake: sare 2,240,000, kiingilio 590,000, tunzo 1,135,000, ahadi 1,400,000. Akatangaza 5,365,000. Kuna aliyeirekodi sauti ile akanitumia Jumapili usiku. Nikaipenda. Tarakimu ndefu husomeka vizuri hewani. Sikumpigia mweka hazina. Nilisema moyoni kalala, na kwa kweli mimi ndiye niliyekuwa nataka kulala.

Alhamisi, chaki bado iko mlangoni, nilikwenda kwa mweka hazina. Nilimkuta anakanda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kutusoma tena?"

Nikasema nimekuja kusoma daftari. Akaosha mikono, akaifuta kwa kanga, akalileta. Tukakaa na kuzitenganisha. Kwenye 2,240,000 ya sare, 1,408,000 ni ya wenye duka la vitambaa. Ilishakwenda Mgandini kabla ya shughuli. Zimebaki 832,000. Kiingilio kimetimia, 590,000. Ahadi zilizokuwa zimeingia mpaka Jumatano ni 330,000. Jumlisha, 1,752,000. Toa gharama 1,205,000, unabaki na 547,000. Magodoro matano, 475,000. Kirikuu, 15,000. Mkebeni 57,000, akaufungua nikaziona.

Tunzo haikuwemo kwenye daftari. Hata mstari wake haukuwepo.

"Ya waimbaji hiyo," akasema, kama mtu anayeulizwa kwa nini maji yanateremka. "Tunzo ya mwimbaji wewe utaiandikaje?"

Hapo ndipo nilipoliona jambo zima. Wezi hawakuwepo. Kulikuwa na ufahamu wa aina mbili juu ya noti ile ile, na vyote viwili ni halali. Mweka hazina, mwenyekiti na kila mwanamke wa umri wao walijua bila kuambiwa kwamba kilichowekwa mkononi mwa mwimbaji ni cha mwimbaji. Kijana wa kipaza sauti, na vijana waliokuwa ukumbini, waliotoka kwenye michango ya harusi na ya misiba ambako kila kinachotolewa kinaingia bahasha moja, waliamini wanalipia magodoro. Mama mmoja aliniapia kwamba alitunza 40,000 "kwa ajili ya wazazi". Rafiki yake aliyekuwa kando akacheka: "Mwongo huyu. Ulimtunzia wifi yako." Wakacheka wote wawili. Nadhani zote mbili ni kweli, na ndiyo sababu hesabu ya aina hii haiwezi kufanywa baada ya shughuli. Ukishamwuliza mtu nia yake wakati noti imeshatoka, atakupa nia iliyo nzuri zaidi.

Nilimfuata mwimbaji. Alinipokea kwa chungwa la Muheza lililomenywa na maneno makali.

"Mwanangu, mimi wameniita mwizi. Hebu nikuulize. Laki saba zile, umezigawa kwa watu tisa? Umetoa nauli? Umetoa ya kukodi spika? Wapiga vyombo ndio wenye laki saba. Mimi naishi kwa tunzo, na tunzo yenyewe nusu inakwenda kwenye kundi, ndio utaratibu wetu. Sasa mtu anasimama na kipaza sauti anagawa jasho langu, sikuulizwa, sikuambiwa. Nilisikia 'kila noti ni godoro' nikadhani ni mbwembwe tu."

Nikamwuliza angesemaje kama angeulizwa kabla.

"Ningesema nipeni wimbo mmoja muuite wa wodi. Wekeni beseni katikati. Wimbo huo sipokei hata shilingi mkononi, naimba nimefunga mikono nyuma. Zilizobaki ni zangu. Wenye kutunza wangejua, na mimi ningejua."

Mwanamke huyu, ambaye sidhani kama amewahi kuandika bajeti, alikuwa ametoa suluhisho bora kuliko lolote nililosikia barazani wiki nzima. Wengine walikuwa wanapendekeza tunzo ipigwe marufuku kwenye shughuli za hisani. Hilo halina akili. Taarabu bila kutunza ni redio. Watu wangekaa na kiingilio chao cha 5,000 wakaondoka saa 4. Wengine wakataka waimbaji wagawane nusu kwa nusu na wodi. Inaonekana haki, ila bado humwachia mtunzaji utata ule ule: noti yangu ni ya nani? Beseni linajibu swali hilo kwa macho. Ukitaka kumchoma wifi yako, kuna mkono wa mwimbaji. Ukitaka godoro, kuna beseni. Na ukitaka vyote viwili, simama mara mbili.

Ahadi sitazikalia sana, maana mwenendo wake mnaujua. Kati ya tisa waliosimama, wanne walitimiza: 330,000 za kabla ya Jumatano na 190,000 zilizokuja baada ya wiki mbili za kupigiwa simu. Mwenye 500,000 hakuwa mmoja wao. Alisema wamsubiri mzigo uuzike. Baina yetu tu, kuna aina ya ahadi ambayo nayo ni tunzo: mtu anataja tarakimu, anapigiwa vigelegele, na kwake biashara imeishia hapo. Katika 330,000 zile mna 50,000 ambayo mwenye nayo hakukanyaga ukumbini. Ni mzee anayeziona taarabu kuwa upuuzi. Alikuwa ameahidi kupitia mtoto wake, akataka jina lisomwe la mtoto. Jumapili asubuhi bahasha ikawa imefika, ya kwanza kuliko zote.

Kikao kilifanyika Jumamosi iliyofuata, uani kwa mwenyekiti. Walikuwepo viongozi wa kikundi, mwimbaji, mshereheshaji, na mimi nimeitwa kama mshitakiwa wa pembeni. Mshereheshaji aliomba radhi mapema, akitaka yaishe. Bi mwenyekiti hakutaka yaishe upesi. Alitaka kila mmoja aseme alichokuwa anakifahamu Jumamosi ile saa 3 usiku. Ikachukua muda wa birika mbili za chai. Ilipofika zamu yangu nilisema ukweli, kwamba nilisoma tarakimu niliyoipenda. Hakuna aliyenisaidia kwa neno lolote, na nilistahili.

Mwisho mwimbaji akafungua pochi, akatoa 200,000, akaziweka juu ya mkeka. Mweka hazina akachukua kalamu.

"Andika nimetoa," mwimbaji akasema. "Usiandike nimerudisha."

Ikaandikwa hivyo. Nimeuona mstari ule. Kwa fedha hizo yakanunuliwa magodoro mawili, na mawili mengine kwa 190,000 za ahadi zilizochelewa, na mzigo huo wa pili ukaenda na gari la mume wa mwanakikundi, bure. Yakawa 9. Zile 57,000 za mkebeni, pamoja na 10,000 iliyobaki kwa mwimbaji, zilinunua glavu na makintoshi, ile mipira ya kutandika kitandani, vitu ambavyo mjamzito hutakiwa aende navyo na asiye navyo hutazamana na muuguzi. Vyote vikaingizwa kwenye leja ya kituo, wakapewa nakala. Fundi baiskeli alipoonyeshwa nakala ile aliisoma taratibu, akaenda kufuta chaki. Akaacha 51, akisema rangi ya mlango imeinywa. Labda.

Hayo yote yalipotimia, Jumatatu iliyofuata nilisoma masahihisho. Nikataja zilizokuwa za duka la vitambaa, za waimbaji, zilizoahidiwa hazijafika, zilizoliwa na ukumbi na muziki, kisha nikataja zilizofika wodini: magodoro 9, glavu, makintoshi, na pande 64 za kanga. Ilinichukua dakika 1 na sekunde 40, na mhariri akalalamika kwamba nimekula nafasi ya singeli. Nimelitafakari lalamiko lake kwa sababu lina ukweli. Kipengele cha wiki kina haraka, na haraka hupenda jumla moja. Ukiviweka kutoa, kuvaa na kucheza ndani ya sekunde 20, unavijumlisha utake usitake, na msikilizaji ataigawa jumla hiyo kwa 95,000 kama alivyofanya fundi. Hakukosea kugawa. Nilimpa namba isiyogawika.

Mfungo Tano, miezi minne baadaye, kikundi kilirudi ukumbini, safari hii kidogo, bila madera. Kanga tu, na bei ikashuka hadi 15,000, na yule mjane alikuwepo. Mshereheshaji alikuwa yule yule. Saa 5 usiku akatangaza wimbo wa wodi, beseni la bati likawekwa katikati ya sakafu, jeupe, tupu, na mwimbaji akafunga mikono nyuma kama alivyosema. Nilidhani watu watapoa. Ule wimbo ulidumu dakika 20 na zaidi kwa sababu kila alipotaka kuufunga kuna aliyeinuka. Noti hazikunyanyuliwa juu sana, nyingi zilikunjwa. Mweka hazina alihesabu mbele ya watu, 410,000, akaandika kabla ya wimbo unaofuata kuanza. Kisha tunzo za kawaida zikarudi, na vijembe vyake, na mimi nikamwona wa meza ya tatu akiinuka na mbili.

Wiki iliyopita, Jumapili usiku, kiongozi wa kikundi kingine, cha upande wa Makorora, alinitumia sauti: wamefanya usiku wao, wamependeza, wamekusanya milioni 3 na nusu za madawati. Nikampigia. Nikamwuliza katika hizo, ya sare ni ngapi, ya waimbaji ngapi, iliyoahidiwa ngapi, na iliyo mkononi ngapi.

Akanyamaza. Nikasikia mtu anaosha vyombo nyuma yake.

"Dada," akasema, "hebu subiri kwanza nimwamshe mweka hazina."